Kusoma Saini ya Mhunzi kwenye Panga za Kijeshi za Japani

Saini ya mhunzi kwenye upanga wa Kijapani imefichwa ndani ya mpini. Iko kwenye msuka, ule mkia wa chuma unaoingia mpinini kama msuka wa jembe. Wajapani huuita msuka huo nakago, na saini yenyewe huiita mei. Mtu anaweza kukaa na upanga ukutani miaka arobaini asijue kwamba chini ya kamba za mpini kuna jina la aliyeufua, mji alikoishi na mwezi alioumaliza.

Nilianza kuzifuatilia panga hizi kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kule Burma. Askari wa Keya, jeshi la Waingereza la King's African Rifles, kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na matope, ikiwafuata Wajapani mpaka Kalewa, kwenye mto Chindwin. Maofisa waliokuwa upande wa pili wa bonde lile walibeba panga ninazozieleza hapa. Vita vilipokwisha mwaka 1945 panga nyingi zilisalimishwa, na wanajeshi wa nchi washirika wakaondoka nazo. Ndiyo maana leo nyingi ziko Uingereza, Marekani na Australia kuliko mtu angedhani.

Jambo moja lishike tangu sasa: saini ni shahidi mmoja, na mashahidi wengine wamekaa pale pale pembeni yake. Kutu, alama za tupa, mihuri midogo, tarehe iliyo upande wa pili, vyote vinasema. Ukimsikiliza shahidi mmoja tu utapotea, na wengi hupotea hivyo.

Kwanza: jua umeshika upanga wa aina gani

Kuna panga ambazo hazina saini kabisa, na kuzifungua ni kuziharibu bure. Upanga wa masajenti na makoplo, ulioanza mwaka 1935 na unaojulikana kama Aina ya 95, ulitengenezwa kiwandani kwa mashine. Mpini wake, ukiutazama haraka, unaonekana umefungwa kamba. Ukiugusa ni chuma kilichosubiwa, mwanzoni shaba, baadaye alumini iliyopakwa rangi. Mpini huo umeshikwa kwa skrubu. Kwenye mfuo wa upanga, karibu na mpini, utaona namba iliyogongwa. Hiyo namba ndiyo kitambulisho chake, na ala yake inapaswa kuwa na namba hiyo hiyo. Isome, iandike, uache skrubu ilivyo.

Panga za maofisa ni habari nyingine. Ofisa wa Kijapani alijinunulia upanga wake mwenyewe. Mitindo ya jeshi la nchi kavu ya mwaka 1934 na 1938, na ule wa jeshi la majini wa mwaka 1937, ina mpini wa mti uliofunikwa ngozi ya samaki yenye vipele na kuzungushiwa kamba. Ndani yake panaweza kuwa na chuma cha kiwandani, chuma kilichofuliwa kwa mkono kipindi cha vita, au upanga wa ukoo wa karne kadhaa uliovalishwa sare ya kijeshi. Kwa nje zote zinafanana. Hapo ndipo saini inapokuwa na kazi.

Pili: vua mpini bila haraka

Tandika kitambaa kinene mezani. Ondoa watoto chumbani. Upanga uliolala miaka themanini bado unakata mfupa.

Katikati ya mpini, kati ya mizunguko ya kamba, utaona kichwa cha kijiti cha mwanzi, mara nyingine viwili. Hicho ndicho kinachoshika kila kitu. Kina upande mwembamba na upande mnene, kwa hiyo kisukume kutokea upande mwembamba, ukitumia kijiti cha mti mgumu na nyundo ndogo, ukigonga taratibu. Msumari wa chuma utapasua mpini. Kisipotoka leo, tia tone la mafuta ya cherehani, ukijaribu tena kesho.

Kijiti kikitoka, shika mpini kwa mkono wa kushoto karibu na mwisho wake, ncha ikiangalia juu na kuinama kidogo mbali nawe, makali yakiwa upande usiokuelekea. Gonga kifundo cha mkono huo wa kushoto kwa ngumi ya kulia. Mpini utaanza kulegea kidogo kidogo. Ukigoma kabisa, uache, utafute mtu mwenye uzoefu. Panga za vita ziliunganishwa kwa kubana sana, na nyingine zilikaa unyevuni mpaka kutu ikazigandisha.

Sasa zitateremka pete ya shaba, washa nyembamba, yaani vibati vyenye tundu katikati, na kikingio cha mkono. Zipange mezani kwa mfuatano uliotoka, na upige picha. Washa hizo mara nyingi zimegongwa namba ya kiwanda, na namba zikilingana zote, ni dalili njema kwamba vifaa vimekuwa pamoja tangu mwanzo.

Tatu: usiusafishe msuka

Hapa nasema kwa uchungu, maana nimeona hasara ambayo hairekebishiki. Kutu ya msuka ndiyo umri wake. Kutu ya zamani ni nyeusi au kahawia iliyokolea, imeingia ndani, imelainika kama ngozi. Ya miaka ya 1940 mara nyingi ni nyepesi zaidi, na chuma cheupe bado kinachungulia. Mjuzi akiitazama anaweza kukisia upanga ni wa karne gani kabla hajasoma herufi hata moja. Ukipitisha msasa, siki, brashi ya waya au dawa ya kutoa kutu, umeufuta ushahidi huo kwa dakika tano, na thamani imekwenda nao. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Sehemu iliyonolewa nayo usiiguse kwa vidole, kwa sababu jasho huacha alama ya kutu yenye umbo la kidole chako.

Kama herufi hazionekani, shida ni mwanga. Zima taa ya juu, weka tochi ubavuni ikimulika msuka kwa kuukwaruza, karibu iwe sambamba nao. Vivuli vitajaa kwenye michoro na herufi zitasimama. Ukitaka nakala, weka karatasi nyembamba juu ya msuka, ibane isisogee, kisha pitisha ubavu wa penseli laini. Wajapani wana ustadi mkubwa wa nakala za namna hii, huziita oshigata, na ni msingi wa vitabu vyao vyote vya kulinganisha saini.

Nne: weka ncha juu, halafu angalia makali yako wapi

Herufi husomwa kutoka juu kwenda chini, ncha ya upanga ikiwa juu. Ukiushika kinyume unasoma miguu juu, na kwa mtu asiyezoea kanji, herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, haionekani kwamba kuna kosa.

Msuka una pande mbili. Kwa kawaida jina liko upande mmoja na tarehe iko upande wa pili. Simamisha upanga ncha juu, ukitazama upande wenye jina. Makali yakiwa kulia kwako, ni saini ya mtindo wa tachi, yaani upanga unaoning'inizwa kiunoni makali yakiangalia chini. Yakiwa kushoto, ni mtindo wa katana, unaochomekwa mshipini makali juu. Kwa vyote viwili kanuni ni moja: jina hutazama nje mwenyewe akiwa amevaa. Panga za kijeshi zilining'inizwa, kwa hiyo wapo wahunzi wa kipindi hicho walioandika kwa mtindo wa tachi, ingawa si wote. Andika umekuta upi. Unaposhindanisha wahunzi wawili wenye jina moja, jambo hili dogo linaweza kuamua.

Tano: anza na tarehe

Watu hurukia jina. Mimi nakushauri uanze upande wa tarehe, kwa sababu herufi zake ni chache, hujirudia, na macho yako yakishazizoea utakuwa umejifunza mkono wa tindo ya mhunzi huyo kabla ya kukutana na herufi ngumu.

Unachohitaji ni namba: 一 moja, 二 mbili, 三 tatu, 四 nne, 五 tano, 六 sita, 七 saba, 八 nane, 九 tisa, 十 kumi. Ongeza 年 mwaka, 月 mwezi, 日 siku. Juu kabisa huandikwa jina la zama za mfalme, na kwa panga nyingi za vita ni 昭和, Showa.

Chukua 昭和十七年二月日. Ni Showa, kumi na saba, mwaka, mbili, mwezi, siku. Kwa Showa ongeza 1925: 17 na 1925 ni 1942. Basi ni Februari 1942. Siku yenyewe haikutajwa, na hilo ni la kawaida. Herufi 日 hukaa peke yake, au hutanguliwa na 吉, maana yake siku njema. Kwa zama za Taisho, 大正, ongeza 1911. Kwa Meiji, 明治, ongeza 1867.

Kuna njia nyingine mbili za kuandika mwaka, na zote zinababaisha. Ya kwanza ni hesabu ya tangu kuanzishwa kwa ufalme, 紀元 au 皇紀. Ukiona 紀元二千六百年, ni mwaka 2600. Toa 660, unapata 1940. Mwaka ule Japani iliadhimisha miaka hiyo 2600 kwa shangwe kubwa, na wahunzi waliiweka kwenye chuma. Ya pili ni mzunguko wa miaka sitini, unaotumia herufi mbili kwa kila mwaka. Huo utauona hasa kwenye panga za Reli ya Manchuria ya Kusini, zilizotengenezwa Dalian, kaskazini-mashariki mwa China. Upande mmoja zimeandikwa 興亜一心満鉄作之, yaani Asia iinuke kwa moyo mmoja, imetengenezwa na Mantetsu, hilo likiwa jina la reli hiyo kwa ufupi. Upande wa pili ni kama 昭和己卯春, majira ya machipuko ya 1939, au 昭和庚辰春, ya 1940. Kwenye panga hizo hakuna jina la mtu, usijisumbue kulitafuta. Ni wito wa siasa ya wakati ule uliochongwa kwenye chuma, na ukiusoma ukijua Manchuria ilivyokuwa imekaliwa, maneno hayo ni mazito.

Sita: ikate saini vipande

Saini ndefu inatisha, lakini ina mpangilio wake, na mpangilio ndio ufunguo. Tazama hii: 濃州関住小島勝正作.

Tafuta 住 kwanza. Maana yake ni mkaazi wa. Kila kilicho juu yake ni mahali: 濃州, Noshu, ni jimbo la kale la Mino ambalo leo ni sehemu ya mkoa wa Gifu, na 関 ni mji wa Seki. Kisha nenda mwisho: 作, saku, ametengeneza. Badala yake unaweza kukuta 作之, 造 au 謹作, ambayo ya mwisho ni ametengeneza kwa heshima. Sasa katikati zimebaki herufi nne. 小島, Kojima, ni jina la ukoo. Mbili zinazogusa 作, yaani 勝正, Katsumasa, ndizo jina la uhunzi. Ukilisoma lote: Kojima Katsumasa, mkaazi wa Seki katika Noshu, ndiye aliyetengeneza.

Karibu kila mara jina la mhunzi ni herufi mbili, na hurithishwa kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi kwa kupeana herufi moja. Ndiyo maana kundi dogo la herufi hujirudia mno: 兼 Kane, 正 Masa, 国 Kuni, 光 Mitsu, 広 Hiro, 吉 Yoshi, 宗 Mune, 則 Nori, 房 Fusa, 信 Nobu, 貞 Sada. Seki imekuwa mji wa wahunzi kwa karne nyingi, na huko 兼 ilitawala. Ukiona jina la uhunzi linaloanza kwa Kane, kisio lako la kwanza liwe Seki. Ukiona 靖, Yasu, kwa herufi mbili tu bila mahali wala ukoo, mfano 靖徳, Yasutoku, au 靖光, Yasumitsu, tulia hapo. Hao walifua ndani ya uwanja wa hekalu la Yasukuni, Tokyo, kati ya 1933 na 1945, kwa njia ya jadi. Kiasi cha panga 8,100 zilitoka kwenye karakana ile, na wakusanyaji wanaziheshimu sana.

Wakati mwingine hutangulia jina la ukoo wa heshima, kama 藤原, Fujiwara, au 源, Minamoto, ambalo mhunzi alijipa kwa desturi na halithibitishi damu. Kuna na mtego mmoja: ukikuta herufi 應 juu na 需 chini, jina lililo katikati ni la mteja. Maana yake ni kwa maombi ya fulani. Wapo waliomtangaza ofisa kuwa mhunzi kwa kutoijua herufi hiyo.

Herufi zenyewe hazitafanana na za kwenye simu. Mhunzi hugonga tindo kwenye chuma kigumu. Hawezi kupinda kama kalamu ya brashi. Mkunjo hugeuka mistari mifupi iliyonyooka, na kistari kidogo huweza kuachwa. Tena wengi waliandika kwa maumbo ya zamani: 國 badala ya 国, 關 badala ya 関, 廣 badala ya 広. Usipoipata herufi kwenye orodha ya kisasa, tafuta umbo lake la kale kabla ya kukata tamaa.

Saba: soma mihuri

Karibu na tundu la kijiti, au juu kidogo ya saini, panaweza kuwa na alama ndogo kuliko punje ya mahindi. Alama hii mara nyingi inaeleza mengi zaidi kuhusu upanga kuliko jina lote refu.

Herufi 昭 au 関 ndani ya fremu ndogo ni muhuri wa ukaguzi wa Seki. Ukiuona, chukulia kwamba chuma hakikufuliwa kwa jadi kamili: huenda ni chuma cha kiwandani, kikapozwa kwenye mafuta badala ya maji. Bado mtu alikisawazisha na kukinoa kwa mkono, na bado ni kitu cha historia, ila si kazi ya sanaa ya kale. Nyota ndogo ni kinyume chake. Ni alama ya wahunzi waliokubaliwa na jeshi la nchi kavu, waliopewa tamahagane, chuma kinachoyeyushwa kutokana na mchanga wa chuma, wakaifua kwa kukunja kama mababu zao. Nanga ni ya jeshi la majini.

Hali hii ndiyo inayoamua mpaka leo. Nchini Japani, upanga uliofuliwa kwa jadi husajiliwa na kumilikiwa kwa halali; ule wa kiwandani hauandikishwi. Kwa hiyo muhuri mdogo huo unaweza kuzuia upanga usirudi nchi ulikotoka.

Namba au herufi zilizopakwa rangi nyekundu au nyeupe kwenye msuka ni za wafanyakazi waliounganisha mpini na ala. Usizifute, na usizisome kama saini.

Nane: linganisha kwa herufi, wala si kwa sauti

Sasa una jina, mahali, mwaka na muhuri. Tafuta picha za misuka ya mhunzi huyo huyo. Linganisha kanji zenyewe, kwa sababu Masa inaweza kuandikwa 正, 政 au 昌, na Yoshi 吉, 義 au 良, na wote hao ni watu tofauti. Kisha angalia mambo yasiyo herufi: mwelekeo wa alama za tupa, umbo la mwisho wa msuka, umbali wa saini kutoka tundu, kina cha tindo.

Kwa Seki tahadhari kidogo. Katika miaka ya vita kazi ilikuwa nyingi mno, na palikuwa na wachongaji maalumu ambao kazi yao ilikuwa kuchonga saini kwa niaba ya wahunzi. Jina moja la kweli linaweza kuonekana kwa mikono miwili mitatu. Mwandiko tofauti peke yake haumaanishi ughushi.

Ughushi hata hivyo upo, na ni wa kale kuliko vita hivi. Majina makubwa kama Masamune, Muramasa na Kotetsu yamechongwa kwenye panga zisizo zao kwa vizazi. Ukikuta jina kubwa, anza kwa kutoamini. Angalia kama kutu ndani ya herufi ina rangi moja na kutu inayozizunguka. Herufi zinazong'aa kwenye msuka mweusi zimechongwa juzi. Nakala za kisasa za kuuzia watalii nazo ni nyingi: msuka wake una wekundu wa kutu ya tindikali uliosambaa sawasawa kama rangi, na herufi ni mifereji laini ya mashine, bila vijiukingo vya chuma ambavyo tindo husukuma pembeni inapopita.

Msuka usio na saini pia usikukatishe tamaa. Panga ndefu za kale zilifupishwa kwa kukatwa upande wa mpini, na saini ikaenda na kipande kilichokatwa. Tundu mbili au tatu kwenye msuka ndizo dalili. Upanga kama huo ndani ya mavazi ya kijeshi unaweza kuwa mkongwe kuliko vyote ulivyowahi kugusa.

Ukihitaji msaada wa mjuzi, mpe picha anazoweza kufanyia kazi: msuka wote kwa kila upande, ncha juu, kamera ikiwa imenyooka mbele yake; kisha herufi kwa karibu, mihuri, na upanga mzima ukiwa uchi. Mpe na urefu, uliopimwa kwa mstari mnyoofu kutoka ncha mpaka kwenye kipengo kidogo cha mgongo ambapo pete ya shaba hukaa.

Kuurudisha

Paka sehemu iliyonolewa mafuta mepesi, tabaka jembamba sana. Msuka uache mkavu. Rudisha pete, washa, kikingio na washa za upande wa pili kwa mfuatano wa picha yako, ukihakikisha kila washa imegeukia ilikogeukia. Ingiza msuka mpinini, simamisha upanga ncha juu, gonga mwisho wa mpini kwa kiganja mpaka tundu zilingane, kisha rudisha kijiti kwa kuanza na ncha yake nyembamba. Kikiwa kimelegea au kimepasuka, chonga kingine cha mwanzi mkavu kabla upanga haujanyanyuliwa tena na mtu yeyote.